Kulala kando ya maji ukiwa Dodoma: Mtera, Babati, Singidani, Hombolo au Basotu?

"Hivi wifi, huko kwenu hakuna hata dimbwi?"

Swali hili huja kila Juni, shule zikikaribia kufungwa na wifi yangu wa Mbagala akishaulizia nauli ya treni. Tangu SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wageni hawasubiri tena harusi wala msiba. Asubuhi yuko Dar, mchana yuko sebuleni kwangu, jioni ameshaona mibuyu ya kumtosha na anataka maji. Watumishi waliohamia huku baada ya serikali kutangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 wana ugonjwa huohuo. Mtu aliyezoea kuona bahari kila siku haishi na vumbi kirahisi.

Maji yapo, ila si ya kuyafuata kichwakichwa. Mtera na Hombolo ni mabwawa, kazi ya mikono ya watu. Babati, Singidani na Basotu ni maziwa ya Mungu. Nimelala kando ya yote matano, kwingine mara moja, Mtera mara nyingi kiasi kwamba mume wangu ameanza kuulizia kama nina kiwanja huko. Ninapolinganisha hapa sizungumzii hoteli za nyota. Nazungumzia pahali padogo penye utulivu: chumba safi, neti isiyotoboka, kibaraza chenye viti viwili, na chai ya asubuhi unayokunywa ukiyaangalia maji badala ya ukuta wa jirani.

Kwanza niseme kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita niliona picha ya nyumba ya wageni pale Mtera, maji yamefika karibu na ngazi za kibaraza, mtumbwi umefungwa kwenye mti. Nikatuma advansi. Tukafika Novemba. Mti ulikuwapo, na kamba ya mtumbwi bado imeuzunguka, lakini kati yetu na maji kulikuwa na uwanda mkavu wenye nyayo za mbuzi na bustani za watu. Tulitembea karibu nusu saa kulifikia ziwa tulilolipia kulala kando yake. Mhudumu alinishangaa nilivyolalamika. "Mama, picha ni ya masika," akasema, kama vile nami ningepaswa kujua.

Na kweli ningepaswa. Tangu siku ile siulizi habari za chumba kabla ya kuuliza habari za ziwa. Huku kwetu kati, ziwa ndilo mwenye nyumba halisi. Linahama, lina chumvi au halina, lina upepo wake na lina wanyama wanaotoka usiku. Chumba kizuri kwenye ziwa lisilokufaa kitakuchosha kuliko gesti ya kawaida kwenye ziwa linalokufaa.

Mtera

Kutoka Dodoma mjini ni kama kilometa 130 za lami kwa barabara ya Iringa. Unapita Fufu, unapita Chipogoro, na kuanzia hapo ardhi inashuka na shingo inaanza kulowa jasho. Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Mtera hata yakijaa hayafiki mita 700. Hizo mita mia nne utazikuta kitandani. Juni na Julai, wakati sisi mjini tunalala na sweta, Mtera shuka moja linatosha na madirisha yako wazi. Kwa mgeni wa Dar hiyo ni raha tupu. Oktoba na Novemba mambo ni mengine: chumba cha bati kisicho na dari kinakuwa tanuri, na feni inazungusha hewa moto tu.

Sasa maji yenyewe. Bwawa lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye Ruaha Mkuu, kwanza kama ghala la kuwekea maji ya mitambo ya Kidatu iliyoko chini ya mto. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja mwaka 1988. Neno ghala ndilo la kulishika. Ghala hujazwa wakati wa mavuno na huliwa wakati wa njaa. Mvua za kanda hii ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo bwawa linapanda miezi hiyo, halafu kiangazi kizima maji yanafunguliwa kuzungusha mitambo. Likijaa kabisa linafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa kwa uzalishaji ni mita 690. Ukisikia mita nane na nusu unaweza kudhani si kitu. Lakini kingo za Mtera ni tambarare kama sinia. Maji yakishuka kidogo kwa kimo, yanarudi nyuma mbali sana kwa umbali, na watu wa pale wanayafuata na majembe, wanapanda mboga na mahindi kwenye tope yaliloliacha. Usione vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kwa ajili ya umeme hakikuundwa kwa ajili ya kibaraza chako.

Kwa hiyo Mtera ni ya Mei, Juni na Julai. Nenda miezi hiyo na utanishukuru. Barabara inapovuka bwawani, ziwa lote linabaki upande wa magharibi, maana yake jua linazama majini mbele yako. Miti iliyozamishwa bado imesimama, mikavu, myeupe, na juu yake mnandi wanatandaza mabawa kukausha manyoya. Furukombe utamsikia kabla hujamwona. Hakuna baa inayopiga singeli hadi alfajiri, ukijitenga na stendi. Kuna kimya ambacho wanangu siku ya kwanza walikiogopa.

Chakula peke yake kinatosha kuwa sababu ya kwenda. Perege na kambale wanatoka majini asubuhi na mchana wako kwenye karai la mama lishe. Omba ugali wa uwele na mlenda badala ya chipsi. Ukimsalimia mwenye karai kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, badala ya "Mambo", kipande chako cha samaki kitaongezeka ukubwa, nimelithibitisha hilo zaidi ya mara moja.

Upande wa Dodoma au upande wa Iringa? Nimelala kote. Upande wa Migoli, mkoa wa Iringa, kuna pilikapilika zaidi za samaki na maduka, na ukisahau dawa ya meno utaipata. Upande wa Dodoma ni kimya zaidi, na safari ni fupi kidogo. Kwa watoto nachagua penye uzio, upande wowote, kwa sababu bwawa hili lina mamba na viboko. Usimkubalie mtu yeyote, hata mvuvi mwenyeji, anayekwambia hapa panaogeka. Na hata pasingekuwa na mamba, maji yasiyo na chumvi yaliyotulia yenye majani ndiko anakoishi konokono wa kichocho. Watoto watazame, wasikanyage. Ukutani pa bwawa nako simu iweke mfukoni, pale pana walinzi na hawapendi picha.

Neti. Mtera bila neti usiende. Na uliza umeme: niliwahi kukaa gizani usiku kucha hatua chache kutoka kwenye kituo cha kuzalisha umeme, jenereta ya mwenye nyumba imekosa mafuta. Tulicheka, tukawasha mshumaa.

Babati

Huyu ndiye mshindani wa kweli wa Mtera. Yuko upande wa pili kabisa, kaskazini, kilometa 251 kutoka Dodoma. Zamani safari hiyo ilikuwa siku nzima ya vumbi na nyuso zenye rangi ya matofali. Lami ilizinduliwa mwaka 2018, na sasa ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi unakula chakula cha mchana Babati, hata ukisimama Kondoa kunywa chai. Ukiwa na nafasi, simama na Kolo, kupanda kuona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Uhakikishe tu mama mkwe amebaki kivulini, mlima wenyewe si wa kandambili.

Ziwa Babati halina tabia ya kuhama kama Mtera. Hupanda na kushuka kwa mvua, lakini halifunguliwi na mtu, hivyo kibaraza cha Juni na cha Novemba vinaona karibu kitu kilekile. Maji ni baridi, hayana chumvi, Mlima Kwaraa umesimama pembeni kama askari wa zamu. Usiku ni wa baridi ya wastani. Blanketi unalihitaji, ila huna haja ya kulala na soksi.

Wenyewe wa pale ni viboko. Mchana utawaona vichwa tu, masikio yakipiga maji, na wavuvi watakupeleka karibu kwa mtumbwi ukielewana nao. Hapa nasema wazi: mtumbwi mwembamba na kiboko mwenye mtoto si vitu vya kuweka pamoja, na sijawahi kupanda na wanangu. Usiku wanatoka majini kula majani, na wanapita njia zao, haijalishi wewe umepaki gari hapo. Kwa hiyo Babati swali la kwanza kwa mwenye nyumba ni: viboko wanapita wapi? Akicheka na kusema hakuna shida, muulize mlinzi. Mlinzi halali, anajua.

Upungufu wake ni mji. Babati ni makao makuu ya mkoa wa Manyara na ziwa liko ubavuni pake, kwa hiyo gesti nyingi zenye neno "ziwa" kwenye jina zinasikia malori kuliko mawimbi. Mtu anayetaka ukimya lazima atoke, afuate kingo za ziwa hadi kwenye mashamba, na huko vyumba ni vichache na njia ikinyesha inateleza. Faida ya mji ni kwamba hospitali, benki, duka la dawa na fundi wa gari vyote viko karibu. Kwa mzee mwenye presha au mtoto mchanga, hilo linashinda machweo yote ya Mtera.

Nikiwaweka mizani hawa wawili: kuanzia Mei hadi Julai, na kama una usiku mmoja au miwili tu, Mtera inashinda bila ubishi, kwa sababu ya umbali na jua lile. Kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza, Babati, hata kama ni mbali mara mbili. Wakati wa mvua zenyewe naenda Babati pia lakini nalala mjini.

Singidani

Mji wa Singida umekaa kati ya maziwa mawili ya chumvi, Singidani na Kindai. Kutoka Dodoma ni kama kilometa 240, lami mwanzo hadi mwisho. Watu wengi hupita hapo wakielekea Mwanza na huona maji kwa mbali kutoka dirishani mwa basi, kisha wanasinzia tena. Wanakosea.

Singida iko juu, karibu mita 1,500, na upepo wake ni wa kweli. Hilo ndilo linaloamua pa kulala. Chumba kinachotazama ziwa moja kwa moja kinaonekana cha ndoto saa kumi jioni. Saa tano usiku upepo unagonga mlango kama mdai. Mimi nachagua chumba kilichojificha nyuma ya majabali. Pale mawe makubwa ya mviringo yamepangana hadi majini, na nyumba iliyojengwa kwa kuyaegemea inakuwa na joto lake. Funga dirisha, agiza chai ya tangawizi, na raha ya Singida utaielewa: ni raha ya ndani. Kama kwako starehe ni kujifunika blanketi zito huku nje kunavuma, huna haja ya kusoma maziwa mengine.

Maji ya chumvi yana faida zake. Mamba hakuna wa kukuogopesha. Heroe, yaani flamingo, huja, wakati mwingine wengi mpaka ukingo unaonekana wa waridi, wakati mwingine hakuna hata mmoja, wanafuata chakula na kina cha maji. Usimwahidi mtoto heroe. Kiangazi kikiwa kikali ziwa husinyaa, linaacha ukingo mweupe wa magadi na harufu ambayo mgeni wa Mbagala ataifananisha na feri ya Kigamboni, tena si kwa kuisifia.

Kuku wa kienyeji wa Singida sina haja ya kumtangaza. Agiza mapema, anapikwa polepole. Rudi nyumbani na dumu la mafuta ya alizeti na chupa ya asali.

Hombolo, kwa ufupi

Ni karibu kuliko yote, kama kilometa 40 kutoka mjini: unafuata barabara ya Morogoro, Ihumwa unakata kushoto. Bwawa lilijengwa mwaka 1957, lina ndege na samaki, na ukienda wakati wa zabibu mashamba yanapendeza kuliko maji yenyewe. Lakini kulala? Vyumba vilivyopo vimezoea wanachuo na watu wa semina, vina meza ya kuandikia na taa kali ya tyubu. Mimi huenda asubuhi na kapu la chakula na kurudi jioni. Mwenye siku moja tu ya mapumziko na asiye na gari la kutegemea, hapa panamtosha.

Basotu

Hili nimeliweka mwisho kwa sababu nusu ya wasomaji wangu hawatakwenda, na nusu nyingine hawatataka kurudi. Basotu iko Hanang, mkoa wa Manyara. Unafika Katesh kwa lami, kutoka Singida au kutoka Babati, kisha unaiacha lami na kufuata barabara ya vumbi kupita mashamba ya ngano yasiyoisha. Nyuma yako Mlima Hanang, zaidi ya mita 3,400, umejifunika wingu kichwani. Halafu bila taarifa ardhi inafunguka na maji yako chini, ziwa lililokaa kwenye shimo la volkano ya kale, maji yasiyo na chumvi katika nchi ambayo jirani yake, Balangida, ni chumvi tupu.

Kulala ni gesti za kawaida kabisa za kijijini, au hema. Maji ya kuoga yanachemshwa kwa kuni na kuletwa kwenye ndoo, na kwa baridi ile ndoo hiyo ni anasa. Ukienda na hema, pitia kwanza ofisi ya kijiji, ujitambulishe kwa mtendaji, aseme ni wapi pa kulipiga. Usijichagulie mwenyewe, ng'ombe wa Wabarbaig wana njia zao za kwenda kunywa na hawatazunguka kwa ajili yako. Alfajiri wanashuka na vumbi lao, wachungaji wamejitanda mashuka, na wewe umekaa nje ya hema na kikombe, pua imeganda. Katika sehemu zote tano, hiyo ndiyo asubuhi ninayoikumbuka zaidi, na ndiyo iliyonigharimu springi ya gari.

Wakati wa mvua kubwa usiende. Barabara itakushika, na watu wa Katesh wana kumbukumbu mbichi ya Desemba 2023, maporomoko ya tope yaliposhuka kutoka Hanang na kuua watu. Nenda Juni hadi Septemba, na nguo za baridi kweli, si kile kisweta cha ofisini.

Kabla ya kutuma advansi

Mambo ya chumba nayapitia haraka: kama ni self au choo cha nje, kama neti ipo na inafika hadi chini ya godoro, kama bei inaingia na chai. Bei zenyewe sizitaji hapa, zinapanda Pasaka na Idi na kushuka Jumanne ya kawaida.

Muda wangu mwingi wa simu unakwenda kwenye maji. Namwomba mhudumu asimame mlangoni pa chumba hichohicho ninachotaka kulipia, apige picha ya leo, na mtu asimame ukingoni mwa ziwa ili nione ni mkubwa kiasi gani. Mtu akionekana kama njiti ya kiberiti, nafuta safari au naomba bei ishuke. Wako waliokasirika. Mmoja alisema simu yake haina kamera, kisha akaniomba nimtumie namba ya WhatsApp.

Wiki iliyopita nilipiga Mtera kwa ajili ya wifi. Picha imekuja: maji yapo karibu, kijana amesimama ukingoni na ninaona hadi vifungo vya shati lake. Nimelipia usiku mbili, vyumba viwili, upande wa Dodoma, penye uzio. Mama mkwe akija naye, mpango unahamia Babati mjini na wifi atakasirika kidogo. Nimemwambia alete neti yake mwenyewe, na aache bukta ya kuogelea huko huko Mbagala.